Tatul Yuko Hewani

Jumatano, Julai 13

Joto! Mtaa wetu wote wa Van Nuys ni tanuri la mkate. Nimenunua redio. Si ya nyimbo. Hii inanasa mazungumzo ya zimamoto, polisi na magari ya wagonjwa. Mzee aliyeniuzia pale kwenye mnada wa vitu vikuukuu aliniuliza kama mume wangu ni askari. Nikamwambia mume wangu Hrant yuko makaburini, lakini mwanangu ndiye anayeokoa jiji hili. Akanipunguzia bei. Labda alinihurumia. Shauri yake.

Sababu ya redio ni hii. Ijumaa usiku wanafunga barabara kuu ya 405 hadi Jumatatu, wabomoe daraja kule juu ya kilima. Ndiyo njia ya maana kati ya bonde letu na upande wa bahari, anakokaa Tatul wangu. Runinga inasema ni kiama. Watu wabaki nyumbani. Zimamoto wanaongeza magari pande zote mbili za kilima, maana mgonjwa hangojei daraja.

Na Tatul ni mhudumu wa gari la wagonjwa! Gari namba 271. Nimeiandika kwenye mlango wa jokofu, herufi kubwa.

Nilimpigia. Nikamwambia Jumapili nafunga dolma za majani ya mzabibu, aje. Akasema: Mama, barabara. Nikamwambia hujakaa mezani pangu tangu Pasaka. Akasema: Mama, barabara inafungwa, hata rais hapiti. Barabara! Na ilipokuwa wazi, jibu lilikuwa hilo hilo.

Alhamisi, Julai 14

Nimekutana na Zabel ngazini. Zabel wa mlango wa mbele yangu. Binti yake Talin anauza miwani, anakuja kila jioni na mfuko wa matunda, na kila jioni Zabel anamkaribisha kwa sauti ya kuamsha makaburi, ili mimi nisikie.

Kaniuliza kama Tatul ataonekana wikiendi hii. Nikasema haiwezekani, ana kazi. Kazi gani? Ulimi wangu huu! Siku zote hukimbia mbele na kuiacha akili ikitafuta viatu. Nikamwambia Tatul ndiye aliyekabidhiwa ufungaji wote wa barabara. Wote! Bila neno lake hakuna gari linalosogea.

Zabel akasema: Loo, dada Nvard, mtu mkubwa hivyo na hakuletei hata tikiti maji? Akasema mwanangu ni kama rais, wao wanamwona kwenye picha tu.

Nikamwambia aje Jumamosi asubuhi, yeye na Talin wake, wamsikie hewani akitoa amri. Kahawa juu yangu. Akasema hatakosa, hata akiwa na homa.

Mchana kutwa nikajifunza redio. Kiingereza changu si cha vitabu, madarasa yangu manane niliyamalizia kwetu Gyumri, lakini namba na majina ya mitaa nayakamata. Mwanamume amekwamwa na mwiba wa samaki. Mama mjamzito kwenye lifti. Mzee kaanguka bafuni, yuko peke yake, mlango umefungwa. Huyo nilimsubiri mpaka waliposema wamemfikia.

Jioni nilikuwa najua maumivu ya jiji zima. Simu yangu haikulia.

Ijumaa, Julai 15

Nimemsikia! Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. "Mia mbili sabini na moja, tumefika." Basi. Sauti ya baba yake, ile ya kutoka kifuani. Nilibusu redio. Ina ladha ya vumbi.

Halafu mwanamke wa redio, yule anayewatuma wote, akarudia mahali walipofika, ili wengine wajue. Uwanja wa shule. Mtaa wa Sepulveda. Upande wa kaskazini wa kilima.

Kaskazini ni huku. Ni bondeni. Nilichukua ramani ya mabasi nikapima kwa kidole. Vituo vinne kutoka mlangoni kwangu.

Wamempanga upande huu kwa wikiendi nzima. Hakuna kilima kati yetu. Hakuna daraja. Hakuna barabara. Na hakuniambia.

Nikazima redio. Nikaiwasha.

Nikaona bora mikono ifanye kazi. Nimetandaza majani ya mzabibu, nikachanganya nyama na mchele, nikafunga dolma mia na ishirini. Ukizifunga vizuri huwezi kufikiri kitu kingine. Mbili zilifunguka.

Jumamosi, Julai 16

Nitaandika yote kwa mpangilio, maana siku kama hii haiji mara mbili.

Saa nne asubuhi, Zabel na Talin sebuleni. Kahawa. Gata, mkate wetu mtamu, ya moto kutoka jikoni, Zabel kala vipande vitano. Redio mezani, juu ya kitambaa cheupe, kama bibi harusi.

Kimya.

Jiji zima limetii! Watu wamebaki nyumbani. Barabara tupu, hata kugongana hawagongani. Nilimwomba Mungu ajali ndogo. Si kubwa, Mungu wangu, hata kifundo cha mguu tu. Hakuna. Zabel akauliza kama bosi bado amelala. Talin akamwambia mama yake aache, huku anacheka kwenye kikombe.

Saa tano na nusu mwanamke wa redio akawauliza 271 kama kuna lolote. Tatul akajibu: "Hakuna jipya."

Zabel kacheka mpaka kashika kiuno. Hiyo ndiyo amri? Nikamwambia jiji limetulia kwa sababu yeye amelituliza, na mtu asiyejua uongozi hawezi kulielewa hilo. Wakaondoka. Zabel kachukua gata ya njiani.

Nikabaki na sufuria. Dolma mia na kumi na nane, moto, zikinukia. Basi nikasema, kama mlima hauji, mimi nina miguu. Siendi kumlaumu. Nitapita tu, kama mtu aliyekuwa na safari zake, mwenye sufuria.

Nikaifunga kama mama yangu alivyokuwa akifunga: kwenye blanketi zito, pembe nne zimefundikwa juu, joto lisitoke. Nimetumia lile jekundu la Tatul alipokuwa mdogo, ndilo nene kuliko yote. Redio kwenye mkoba, kisikizio sikioni. Nikatoka.

Mabasi yamebadilishwa njia. Nikatembea. Vituo viwili nikavimaliza. Cha tatu magoti yakagoma, nikakaa kwenye benchi la kituo, sufuria mapajani, nimeikumbatia kwa sababu benchi linainama. Nikawa natupepea kwa gazeti, mimi na sufuria, maana jua lilikuwa kali. Labda niliiimbia pia. Naimbaga nikichoka.

Akapita kijana mwenye kaptura ya mbio. Akasimama. Akauliza kama tuko salama, mimi na yeye. Akanyoosha mkono aguse blanketi. Nikamzuia: Usiguse! Hawa vijana wa hapa wana njaa siku zote. Akarudi nyuma, akatoa simu, akaenda kuongea pembeni.

Dakika moja haijaisha, redio ikaamka sikioni. Mwanamke wa redio anaongea haraka. Bibi kizee, umri kama miaka themanini. Ana mtoto mchanga. Mtoto kafungwa blanketi zito juani, hatikisiki, halii. Bibi hataki mtoto aguswe.

Ee Mungu! Nilisimama. Bibi gani huyo asiye na akili? Blanketi kwenye joto hili! Nilimlaani kwa lahaja ya Gyumri, na sisi wa Gyumri tunajua kulaani. Nikaangaza huku na huku, pengine yuko karibu nimnyang'anye mtoto mwenyewe.

Mwanamke wa redio akataja njia panda. Nikatazama kibao cha mtaa. Nikakisoma mara mbili.

Akasema: blanketi jekundu.

Nikakaa.

Mwanamke mwenye busara angekimbilia nyumbani. Na mimi nilikuwa nimeshanyanyuka kukimbia. Lakini sauti ikaingia sikioni: "Mia mbili sabini na moja, tunakwenda!" Kali, ya haraka, kama kijana aliyeitwa na mama yake kutoka uani. Basi nikakaa tena. Nikatoa kioo. Nikapaka rangi ya mdomo.

Wakaja! Gari la wagonjwa likilia, gari la zimamoto nyuma yake, polisi wawili wa pikipiki, na juu yetu helikopta za runinga, tatu, zilizoshinda zikizunguka bila kitu cha kupiga picha. Tatul aliruka kabla gari halijasimama. Amekonda! Alipiga magoti mbele yangu na hakunitazama usoni, mikono yake ilikwenda moja kwa moja kwenye blanketi. Mikono ile niliyoifundisha kushika kijiko.

Akafungua pembe. Akafunua kifuniko. Mvuke ukampiga usoni.

Polisi mmoja akavua kofia. Harufu ilikuwa nzuri, nisiseme uongo.

Tatul akainua macho polepole. Akasema: Mama. Basi. Nikamwambia maumivu yake niyabebe mimi, ndivyo tunavyosema kwetu, na kwamba shingo yake imekuwa nyembamba kama ya kuku.

Mwenzake, jitu moja kubwa jina lake Curtis, akauliza kama huyu ndiye yule mama wa dolma. Yule mama! Kumbe nasemwa huko!

Kisha Tatul ikambidi atoe taarifa. Akashika redio yake ya mkononi, na mimi nikamsikia mara mbili, mbele yangu na sikioni. Akasema hakuna mtoto. Akasema ni chakula. Mwanamke wa redio akaomba arudie. Chakula, akasema. Na bibi je, mwanamke akauliza, bibi ni nani? Tatul akafumba macho.

"Ni mama yangu."

Hewani! Magari yote, vituo vyote, pande zote mbili za kilima! Mama yangu, kasema.

Akanishika kifundo cha mkono kuhesabu mapigo. Dakika nzima, macho kwenye saa. Nilijaribu kuwaza mambo ya utulivu ili yaende polepole, ahesabu kwa muda mrefu. Kwenye fomu nikasema nina miaka hamsini na nane. Akaandika sitini na nne.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia yuko huku. Kwa sauti ndogo. Akasema: Nilijua utakuja na sufuria, Mama. Nikamwambia ningekuja na nini tena? Akatazama viatu vyake. Akasema wikiendi hii alitaka awe mhudumu tu, asiwe mtoto wa mtu. Nikamlisha dolma moja kwa mkono. Akaila, akiwa amesimama, helikopta zikitazama.

Akaahidi kesho. Tuko huku mpaka Jumatatu, kasema, kesho nitaomba saa moja nije nile nimekaa. Wakaondoka na sufuria yangu. Polisi wakanirudisha kwa gari lao, na Zabel alikuwa roshani. Nilishuka taratibu.

Jumapili, Julai 17

Wamemaliza mapema! Barabara imefunguliwa saa sita mchana badala ya kesho. Runinga inashangilia. Wakandarasi wanapongezwa. Jiji zima lina furaha.

Tatul amepiga simu saa saba. Wamerudishwa upande wa bahari, magari yote ya ziada. Akasema: Mama, barabara imefunguliwa. Sijui kwa nini alisema kama anaomba msamaha. Nikamwambia vizuri, vizuri sana, hongera kwao.

Sahani mbili za dolma mpya zilikuwa mezani.

Niliwasha redio, lakini kilima kinameza sauti. Nikapanda paa la jengo na redio yangu. Kidogo tu, kati ya mikwaruzo: mia mbili sabini... Nikakaa huko mpaka betri ikafa.

Niliposhuka, Zabel alikuwa mlangoni kwangu na tikiti maji. Talin hakuja leo, ana mchumba sasa, kumbe. Akasema ameniona kwenye runinga, wamesema bibi wa miaka themanini, na yeye ameipigia kelele runinga kwamba huyo ana sabini tu. Akaona meza. Akauliza kama anaweza kukaa, hajala tangu asubuhi.

Akavuta kiti cha Tatul. Nikamwambia kiti hicho kina mwenyewe.

Akachukua tikiti maji lake, akaenda. Nikasikia mlango wake, halafu sikusikia kitu.

Nikala sahani ya kwanza. Nikala ya pili.

Jumatano, Julai 20

Curtis ameleta sufuria, imeoshwa, na ujumbe kwamba kituo kizima kinashukuru. Tatul hakuja, yuko zamu. Amenipigia, akaniapisha niache kuwafuata kwenye redio. Nimeapa. Kwa roho ya Hrant, ambaye alinijua vizuri na hatashangaa.

Sasa sikiliza! Runinga inasema wamebomoa nusu tu ya daraja. Nusu! Mwakani barabara itafungwa tena, siku mbili vile vile, na magari yataongezwa pande zote mbili vile vile.

Nimenunua betri kumi na mbili. Nimenunua sufuria ya dolma mia mbili, maana kituo ni kikubwa. Fundi wa redio kaniambia kuna antena ya kuvuka kilima.

Blanketi nimelifua, liko kwenye kamba. Nilifikiria kulibadilisha, nichukue lile la kijivu. Hapana. Jekundu linaonekana vizuri kutoka kwenye helikopta.