Semprong za Shangazi wa Kubuni

Tak. Adhana ya alfajiri haijatoka bado, chuma kikafungwa juu ya mkaa upande wa pili wa ukuta wa mbao. Kimya kidogo. Tak tena.

Gandung alifungua jicho moja. Alikuwa amepanga chumba kile miezi minne, na kila alfajiri sauti ile ilimkera. Siku hiyo haikumkera. Jana yake, saluni, alimsikia Mama Hapsari wa mtaa wa juu akilalamika. Alikuwa anatimiza miaka sitini na alitaka sherehe ya enzi za utoto wake: suruali za bugaluu, vikombe vya bati na vile vitafunio vya zamani. Lakini kila mpishi hapa Malang, Indonesia, alimwonyesha picha za keki.

Na nyuma ya ukuta Bibi Suminten alikuwa anaoka semprong, vile vibiskuti vyembamba vya unga wa mchele na tui, vinavyokunjwa vingali moto. Gandung akajifunika shuka akacheka peke yake. Wenzake huamka na sala. Yeye aliamka na mpango.

Kwa Mama Hapsari alikwenda na shati lililopigwa pasi.

"Mama, sisi tuna jiko la familia. Marehemu bibi yangu aliwaokea wakubwa wote wa mji huu."

"Mimi nataka semprong, jeli ya rangi tatu na karanga za sukari guru. Na visiwe vya kiwandani. Meno yangu yanajua."

"Vyote vya mkaa, Mama. Ukikuta kimoja cha kiwandani, usinilipe."

"Nitakulipa mzigo ukifika getini," alisema Mama Hapsari, mwanamke anayebishana bei hata na mwuza kiberiti. "Rupia milioni sita, bahasha mkononi. Kabla ya hapo hata senti hupati."

Hapo Gandung alikwama, maana hakuna duka lililokubali kumkopesha nazi. Akauza pikipiki yake, mali pekee aliyokuwa nayo duniani. Aliipapasa taa ya mbele kama mtu anayemuaga mchumba, akaenda kununua unga, nazi na mkaa.

Kwa Bibi Suminten alikwenda ameinamisha kichwa.

"Bibi, shangazi yangu anatimiza sitini. Mjane, watoto wake wako ng'ambo, hana hata wa kumshikia kijiko. Naomba rewang."

Kwenye kichochoro kile neno hilo halikataliwi. Likishasemwa, majirani huacha ya kwao, huja na visu vyao, hupika pamoja, na hakuna anayelipwa. Zamu yako ikifika, nao watakuja kwako.

Bibi Suminten alimtazama kitambo. "Shangazi mwenyewe mbona hakuja kuomba?"

"Miguu, Bibi."

"Pole yake. Basi lete unga."

Wanawake tisa walifanya kazi siku mbili. Gandung alikuwa amejipangia cheo cha msimamizi, lakini Bibi alimkalisha mbele ya jiko.

"Kunja kabla hujahesabu tatu."

"Inaunguza, Bibi!"

"Ndiyo maana nasema kabla ya tatu."

"Mwacheni," alisema Mama Tumini, mwenye ulimi mkali kuliko wote. "Vidole vya mpwa wetu ni vya kuchanganyia karata tu." Jiko zima likacheka. Lakini ni huyohuyo Mama Tumini aliyekata jani la shubiri kwenye kopo lake, akampaka vidole kimoja kimoja, polepole, huku akiendelea kumtukana.

Siku ya sherehe Gandung alikodi pikapu. Mpango ulikuwa aende peke yake, ashushe mzigo, achukue bahasha, apotee. Alipotoka kuchana nywele alikuta wanawake wote wamekaa nyuma ya gari, wamevaa nguo zao nzuri, kila mmoja na kifuko cha mchele au sukari, kama desturi inavyotaka.

"Jamani, mnakwenda wapi?"

"Kwa shangazi."

"Nafasi haitoshi. Karanga zitapondeka!"

"Karanga tumezipakata," alisema Mama Tumini. "Panda mbele, mpwa, tunachelewa."

Mama Hapsari alikuwa amesimama getini ndani ya bugaluu ya rangi ya chungwa, bahasha mkononi, nene. Gandung aliruka chini kabla gari halijasimama, lakini Bibi Suminten, pamoja na magoti yake mabovu, alikwisha kumfikia Mama Hapsari na kumshika mikono yote miwili.

"Hongera, mwanangu. Mpwa wako katuambia uko peke yako. Tukasema hapana, mtu hatimizi sitini bila majirani. Ndiyo tumekuja rewang."

Mama Hapsari aliutazama mchele. Akamtazama Gandung. "Mpwa wangu?"

Wanawake tisa nao wakamtazama. Akisema yeye ni mpishi wa kulipwa, watajua jasho lao limeuzwa, na visu walikuwa navyo. Akinyamaza, pikipiki imekwenda bure.

"Hongera, Shangazi," alisema, kama mtu anayemeza mfupa.

Mama Hapsari hajawahi kununua anachoweza kupewa. Bahasha ikateleza ndani ya mkoba.

"Asante, mpwa wangu. Rewang hailipwi, kuilipa ni matusi. Sinia hizo peleka ndani, halafu vyombo viko uani."

Bibi Suminten alikuwa bado amemshika mkono. "Na mwezi ujao mjukuu wangu anatahiriwa, mwanangu. Kuna vitunguu vya kumenya. Magunia mawili."

Mama Hapsari alifumba mdomo, akaufumbua, akaona wageni wanasikiliza. "Nitakuja," alisema. Kisha aliuma semprong moja, akaitafuna polepole. Watoto wake walikuwa ng'ambo kweli. Katika uongo wote ule, Gandung alikuwa amegonga ukweli mmoja bila kulenga. Mama Hapsari akawaondoa wake wa wakubwa kwenye viti vya mbele, akawakalisha wanawake wa kichochoroni.

Uani, Gandung alikuwa amefika kikombe cha themanini. Bibi Suminten alimletea chakula ndani ya jani la mgomba, akakaa juu ya ndoo.

"Pikipiki yako siioni siku hizi."

"Mmeioka, Bibi."

Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Kumbe ulijua?" aliuliza Gandung.

"Anayeomba rewang kweli huja mwenyewe, hata kwa kubebwa. Nilijua siku ileile."

"Sasa mbona ulikubali?"

"Miaka mitatu hakuna aliyeniomba. Watu wananunua vya kopo. Wewe uliponiomba, hata kwa uongo, nililala nimefurahi." Akakigeuza kiganja cha Gandung, akatazama malengelenge. "Na zile za mwisho ulizikunja vizuri. Kula kwanza, vyombo havikimbii. Halafu Jumanne uje tena jikoni kwangu, mjukuu wangu. Usiniletee hadithi ya shangazi yeyote. Uje tu."