Taa Zilizokataa Kwamba Mimi ni Mzima

Jamani, leo nimeaibika mbele ya wakwe, na walioniaibisha ni taa nilizozifundisha kazi mwenyewe.

Milembe, mchumba wangu, alishanionya. Baba yake mkubwa haelewi kazi yangu. Kushinda na kompyuta kwake si kazi. Leo mzee katoka Ushirombo na dada yake, Mama Kulwa, kuja kunikagua hapa kwangu Kalangalala. Akiridhika, posa imepokelewa. Asiporidhika, basi tena.

Nikasema leo watanijua. Nilikuwa nimeandika skripti ya Python, yaani programu fupi: kompyuta inasikiliza sebule, ikisikia "washa" inawasha taa, ikisikia "zima" inazizima. (Siku ilipokubali mara ya kwanza nilikaa chini. Mpaka sasa naona ni muujiza.)

Wameingia giza likianza. Nikasema, "Washa." Sebule ikajaa mwanga. Mama Kulwa akashika kifua. Mzee akazitazama taa kama anayechagua ng'ombe mnadani, akauliza nani kazigusa. Nikasema hakuna. Akavua kofia! Nikavimba kichwa.

Tukakaa, nikamwamkia vizuri. Akaitikia, "Marahaba. Mzima?"

Giza.

Kumbe nilichoandika kinatafuta "zima" popote ilipo, hata ndani ya "mzima". (Msukuma mzima naandika programu, nasahau salamu!) Nikasema "washa", mwanga ukarudi. Mzee akaniangalia kwa makini, akauliza polepole, "Kijana, u mzima kweli?"

Giza tena.

"Mama Kulwa, umeona?" ikasema sauti ya mzee. "Taa imekataa."

Mama Kulwa akataka kujua kama kwetu kuna ugonjwa tunaouficha. Nikashuka chini nitambae nikachomoe kompyuta nyuma ya kiti cha mzee. Hapo ndipo Mama Kulwa aliposema, "Huyu mtoto amewashangaza wazee wake."

Ame-washa-ngaza. Taa zote, pwaa! Zikanikuta nimepiga magoti, kichwa kati ya miguu ya baba mkwe.

Nikaeleza kwamba kosa ni langu, taa hazijui lolote kuhusu afya yangu. Mzee akatikisa kichwa. "Taa inayosikia mtu haiwezi kusema uongo."

Posa kaipokea, kwa sharti moja: nipeleke cheti cha hospitali kwamba mimi ni mzima. Kesho naenda kupimwa. Atakayecheka, tuongozane.