Koti la Ng'ombe Ishirini

Leodgar wa Nyasho alikuwa na kipaji kimoja: palipo na msiba, yeye aliona biashara. Ukame ulipomaliza mifugo njia nzima ya kwenda Bunda na watu wakabaki wanalia, yeye alipita kwenye mizoga akivua hereni.

Kila ng'ombe alikuwa na hereni ya kielektroniki, na kwa hereni hizo mashine ya kampuni ya maji ilisoma joto na mwendo wa mnyama. Maana soko huria la awamu ya pili lilikuwa limefika mbali. Ziwa lote lilishauzwa, na kampuni, kwa huruma yake, ilikuwa ikigawa maji kwa ng'ombe. Binadamu hakuwamo kwenye mgawo, kwani thamani yake sokoni ilikuwa imeshuka. Mwenye kundi alipata mapipa. Asiye nalo aliruhusiwa kulitazama ziwa bure.

Leodgar akashona hereni ishirini ndani ya koti zito, akalivaa. Zikapata joto, zikapata mwendo, na kwenye mashine ng'ombe ishirini wakafufuka, safari hii kwa jina lake.

Mteja alimpata Butiama. Lukresia, mjane aliyeachiwa pikipiki ya umeme na marehemu, alikuwa anatafuta maji ya kuwauzia majirani kwa bei ya kuwaliza.

"Ona mwenyewe, mama," Leodgar alimsogezea simu. "Ishirini, wazima, wanapumua."

"Wako wapi?"

"Kibara, kwa marafiki. Kwani ng'ombe wanawekwaga boma moja? Si utawakaribisha wezi?"

Lukresia akaguna. Hata marehemu alikuwa akiwatawanya ng'ombe wake kwa marafiki. "Na koti lote hilo na jua hili?"

"Malaria, mama."

"Pole, baba."

Wakabadilishana, kundi kwa pikipiki, na jina la mwenye kundi likageuzwa kwenye mashine. Kampuni, iliyokuwa ikifunga na kufungua hata pikipiki za umeme, ikaweka sharti moja: pikipiki isingewaka mpaka mwezi upite ng'ombe wakiwa hai. Leodgar akarudi Nyasho kuvumilia. Alilala na koti, akaenda nalo kanisani, akatokwa jasho mpaka watu wakawa wanampisha njia kwa heshima isiyohusiana na cheo chake.

Alisahau kitu kidogo. Mwenye kundi akitaka, mashine humwonyesha ng'ombe wake walipo. Leodgar alilijua hilo vizuri sana. Kilichomtoka akilini ni kwamba mwenye kundi hakuwa yeye tena.

Asubuhi moja Lukresia akaiuliza mashine. Ikamjibu kwamba ng'ombe wake wote wameingia hotelini Nyasho.

Alifika na Burito, kamanda wa sungusungu, pamoja na vijana wenye fimbo. Walimkuta Leodgar akishughulika na sahani ya sato.

"Ng'ombe wa mama wako wapi?" Burito aliuliza.

"Mzee, hii ni hoteli."

"Simu inasema wapo hapahapa ulipokaa. Wewe ndiye uliyewauza. Sasa mtu akiuza ng'ombe halafu akabaki nao, kwetu anaitwaga nani?"

Leodgar, aliyewahi kumuuzia padri kiwanja cha padri, akasukuma sahani kando, akapiga hesabu. Akisema ng'ombe wapo, yeye ni mwizi wa ng'ombe, na huku Mara mwizi wa ng'ombe hasubiri mahakama. Akisema hawapo, kampuni itaufungia maji ukoo wake mzima, na ukoo wake aliufahamu: nao usingesubiri mahakama. Aliogopa, akaogopa kikweli.

Lukresia akamwinamia, akapapasa bitana ya koti, akaelewa. Hakupiga kelele.

"Kamanda, nimewaona. Wote wazima. Huyu ndiye mchungaji wao, alipotea njia tu."

Burito hakuona hata mkia, lakini mwenye mali ameshasema, abishe nini? Akatoka na vijana wake.

"Baba," Lukresia alinong'ona, "mimi maji nayapata. Mashine inasema ng'ombe wazima, mimi ni nani nibishane nayo? Ila ng'ombe wangu wanalalaga nyumbani."

"Mpaka lini, mama?"

"Ng'ombe anazeekaga, anakufa. Wakiisha kwenye mashine, chukua pikipiki yako uende, hata mimi sitakuuliza."

Ndivyo Leodgar alivyohamia Butiama. Kutwa alizunguka vilimani na koti lake, na jioni alipewa ndoo moja ya maji, huku mapipa ya mgawo wa koti lake yakiuzwa getini. Alijipa moyo. Hereni zote zilikuwa za ng'ombe wazee, na uhuru wake haukuwa mbali. Akaanza kutembea kivivu ili mashine ione kundi linachoka. Ugali akaula kwa bidii, kwa kuwa hakuna aliyemkataza. Akanenepa, joto likapanda, mwendo ukazidi kuwa wa kujivuta.

Mashine, ambayo haipitwi na jambo, iliyaona yote. Siku moja ujumbe ukaingia, na Lukresia akausoma kwa sauti:

"Hongera! Ng'ombe wako kumi na saba wana mimba. Hereni za ndama tutakuletea bure."

Leodgar akakaa chini palepale, machozi yakamtoka.

Lukresia akalitazama lile koti mbele na nyuma, kama fundi. "Hapa hazitaenea, baba," alisema kwa upole. "Itabidi nikushonee na suruali."