Malalamiko Dhidi ya Kompyuta Iliyowaaga Wageni Ukurasa wa Kwanza

Mjomba mpendwa, ambaye pia ni bosi wangu,

Shikamoo. Nakuandikia kwa adabu zote, nikiwa nimeegemea ufagio ulionikabidhi jana baada ya kunitoa kwenye kiti cha kompyuta. Kiti hicho nakitaka. Sababu zangu ni hizi:

1. Kijitabu cha harusi ya binamu, binti yako, nilikipanga mwenyewe, kwa ile lugha ya kuamuru kurasa ambayo hapa kiwandani kwako pa kuchapa vitabu tunaijua wawili tu, mimi na kompyuta. Unaiandikia kanuni: ukurasa wa kwanza ukae hivi, wa kushoto vile, wa kulia vile, wa mwisho uwaage wageni. Mimi nikatanguliza kanuni moja juu ya zote: ukurasa wowote, chini yake iandikwe "Asanteni kwa kuja, mwende salama," maana shukrani hazizidi. Kumbe kompyuta husoma kuanzia juu. Ikikuta kanuni inayofaa inaishika hiyohiyo, zilizo chini haiziangalii tena. Huo ni uvivu, Mjomba. Ningefanya mimi ningeitwa mzembe.

2. Baba wa bwana harusi akafungua ukurasa wa kwanza, akajikuta ameshaagwa. Akamwambia mkewe, "Mama watoto, twende, hawa wametuchoka," wakaondoka na ukoo mzima kabla chakula hakijapakuliwa. Kosa langu liko wapi? Mimi niliandika shukrani. Sikumnyanyua mtu kitini.

3. Niliiagiza kompyuta salamu za bwana harusi zianzie upande wa kulia, nayo ikaacha ukurasa mtupu kabla yake. Nikaona aibu kuwapa watu karatasi tupu, nikaweka picha yangu, ile ya miwani. Kama shangazi wa bwana harusi aliuliza huyu kijana mzuri ni nani, hilo ni la sura yangu, si la uzembe.

4. Kwa hiyo kompyuta ndiyo ibebwe ikawaombe radhi wakwe. Mimi nipewe cheo cha Mkuu wa Kurasa Zote, na kiti kile chenye magurudumu.

Nisalimie bibi, mkaza mjomba na wote wa nyumbani, na binamu pia, siku atakayoanza kupokea simu zangu.

Ni mimi mpwa wako, mtaalamu mwenye ufagio.

N.B. Kabla hujanirudisha, niulizie kwa dada wa mapokezi, bila kunitaja: ukurasa wa kushoto ni kushoto kwangu au kushoto kwa kompyuta? Maana sisi tunakaa tukitazamana.