Nilivyompa Fundi Musembi Kavata

Jumatatu, 2 Agosti 1999. Kambu.
Mungu nisamehe. Nimefanya kitu. Binti yangu Mutindi, wa Form Two, aliniachia gemu yake ya mkononi akirudi bweni. Akasema: Baba, usicheze, tia betri tu. Nimecheza miezi mitatu! Ndani unakamata wanyama wa ajabu, unawafuga, wanapigana. Anayempenda kuliko wote ana pembe mbili, na alimpa jina la marehemu nyanya yake, Kavata. Mama yangu mzazi! Leo Musembi, fundi wa nguo, alileta gemu yake na waya. Tukaunganisha. Nikampa Kavata, akanipa Simba wa Radi. Simba huyo nilimwona Jumamosi kwa nyumba ya video, ameingizwa kwa gemu nyingine kabisa, ya kupigana, anaangusha majitu mazima. Nani angekataa?

Jumanne, 3.
Simba wangu amepigwa na kuku. Kuku! Kumbe wa video ni mkubwa, wangu ni mtoto mchanga. Nikamwomba Musembi anirudishie Kavata. Akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Eti pole, Mzee wa Kanisa, hiyo imeisha. Shule inafungwa Ijumaa. Mutindi akimkosa atalia kama siku tulipomzika nyanya mwenyewe.

Jumatano, 4.
Nimepata akili! Huku kwetu mtu anapeleka mbuzi kwa rafiki amlishe, na mbuzi anabaki wake. Nikamwambia Musembi: sikubadilisha, nilikuletea umlishe. Akasema sawa, hiyo ni desturi, hawezi kubisha. Lakini mwenye kulisha ana haki yake. Haki gani? Nisimame kwa ushirika wa kanisa leo jioni niungame kwamba nacheza gemu. Kwa sababu mwezi jana mimi ndiye nilimchongea kwa pasta juu ya gemu hiyohiyo. Ni kweli. Nilimchongea.

Alhamisi, 5.
Niliungama. Nilianza na dhambi ndogondogo nikitumaini saa itaisha. Haikuisha. Nilipofika kwa gemu, mke wangu Kalondu akasema, kanisa lote likisikia, kumbe ndiyo maana redio yake haina betri! Pasta aliniombea akijifunika uso na Biblia. Mabega yalikuwa yanatetemeka. Musembi alisema amina mara nane. Leo nimemrudishia simba, amenirudishia Kavata. Sijamwangalia hata. Aibu.

Ijumaa, 6.
Mutindi amefika. Kabla ya kuvua viatu ameshika gemu. Akapiga kelele! Nikaruka nyuma ya gunia la ndengu. Kumbe ni furaha. Kavata amekua, amegeuka, ana mabawa! Musembi alimlisha kweli, siku tatu hajashona hata kifungo. Mutindi akaniuliza: Baba, nani amemkuza hivi? Mimi nilijaribu likizo nzima nikashindwa!
Nikakumbuka ushirika. Nikakumbuka machozi yangu pale mbele. Nikasema: ni mimi.

Jumamosi, 7.
Mutindi ameenda kwa shangazi yake Mbooni, wiki moja. Ameniachia wanyama watano wengine niwakuze vilevile, kwa vile Baba ni mtaalamu. Kufika saa mbili asubuhi nilikuwa nimeshawapeleka wote kwa Musembi. Akauliza haki yake. Nikamwambia asijali. Ushuhuda wa Jumatano nimeshauandika, na safari hii nimeweka machozi mapema.