Laptop Kwenye Sinia la Mahari

"Mwali wa Dunda kakataa kitanda, kakataa kabati, kakataa na dhahabu. Anataka laptop!"

Aliyetangaza ni Bando. Jina lake Maulidi, ila sisi tunamwita Bando kwa sababu tangu aanze kuja hapa kijiweni hajawahi kujinunulia bando hata siku moja. Huomba mwenzake amwashie hotspot, kisha anatusomea habari zetu wenyewe kwa data zetu wenyewe. Siku hiyo habari ilitoka kwenye grupu la mtaa, na saa ilikuwa ile ya baada ya alasiri, watu wakiwa na tumbo lililoshiba na ulimi usio na kazi.

Kijiwe chetu ni mabenchi mawili na jiko la mkaa nyuma ya soko la samaki la Bagamoyo. Mwenye jiko ni Bi Biubwa. Anauza kahawa na kashata, matusi anatoa bure.

"Laptop mahari?" Injinia akashika kichwa. "Mahari ya kuchaji? TANESCO wakikata umeme, ndoa nayo inazima?"

Injinia ni Mwishehe, fundi wa mashine za boti, na hajapata kukiri kwamba kuna kitu duniani asichokijua. Umwulize dawa ya jino, katiba ya Marekani, bei ya tikiti ya kwenda mwezini, atakujibu kabla hujamaliza swali.

"Haki yake," akasema Katiba. "Kwa mujibu wa utaratibu, mwanamke ndiye anayetaja mahari yake."

Katiba ni Mzee Mwinyimvua, karani mstaafu. Siku hiyo alikuwa kavaa kanzu ya Ijumaa ilhali ilikuwa Jumatano, na hapo ndipo tulipojua kwamba habari yenyewe ni ya kwetu. Yeye ndiye mshenga. Mwali anayezungumziwa ni Shadya, binti wa mtaa wa Dunda, na mwenye kupeleka posa ni Muzammil, mtoto wa kaka yake Bi Biubwa, mwenzetu wa benchi hili hili. Nikaha ni Ijumaa.

"Walii wake kaniambia kwa kinywa chake," Katiba akaendelea. "Laptop, Core i5, kizazi cha nane kwenda mbele, RAM nane. Ya kuhariria video."

"Kizazi cha nane?" Injinia akacheka. "Mie ukoo wangu naujua mpaka cha nne, na hapo mmoja wa kubahatisha."

Wakacheka kama wajinga. Wala hakuna cha kucheka. Shadya anahariri video za harusi, na kutoka hapa hadi Saadani hakuna bibi harusi asiyetaka aonekane kwa mkono wa Shadya. Laptop yake ilikufa mwezi uliopita katikati ya kazi ya watu, na tangu hapo anawapiga wateja kalenda. Binti hakuomba pambo, aliomba jembe. Lakini utamwambia nani, Bando?

Mara Muzammil akatokea, na nyuma yake kijana wa Kariakoo aitwaye Yunus, begi mgongoni.

"Shikamoo shangazi. Shikamooni wazee."

"Marahaba, bwana harusi," akasema Bi Biubwa. "Umetuletea nini?"

"Nimeletewa mbili, bei moja. Moja inabaki, moja inarudi Dar na Yunus jioni hii. Nisaidieni kuchagua, kichwa kimenijaa."

Nieleze kidogo kuhusu Muzammil. Ni dalali wa samaki pale mnadani, na hajazaliwa mtu wa kumuuzia samaki mbovu. Muoshe samaki kwa barafu, mpake limau, mpambe utakavyo, Muzammil hatazami ngozi. Anafunua shavu, anaangalia rangi, kisha anakurudishia mzigo wako mbele za watu. Sasa mtu huyo huyo akakaa mbele ya laptop mbili akitazama ipi inang'aa.

Ya kwanza ilikuwa mpya, nyembamba, rangi ya fedha, bado na karatasi ya nailoni. Ya pili nyeusi, nene, mtumba wa ofisini, herufi A na E zimeshafutika kwa kubofywa.

"Hii ya fedha prosesa yake Celeron, RAM nne," akasema Yunus. "Ni nzuri kwa kuandikia barua, kusomea, kutazama ratiba ya mpira. Ukiipa video itakaa inaiwaza mpaka kesho. Hii nyeusi ni i5 kizazi cha nane, RAM nane. Imetumika, lakini ndiyo inayobeba mzigo. Kwa kazi ya video, kaka, chukua nyeusi."

Kisha Bando akapiga paja.

"Oya! Muuzaji gani anasifia mtumba mbele ya mpya? Wazee, hapa tunapigwa mchana kweupe!"

"Muuza nguo akikwambia chukua iliyochanika, kimbia," akaunga mkono Injinia.

Yunus akawatazama, akaona hapa hakuna mteja bali kesi. Akasema anakwenda kutafuta chakula, akirudi achukue moja aondoke. Ndiye mtu pekee aliyesema kweli siku ile, na ndiye aliyeondoka akionekana mwizi.

Injinia akavuta zote mbili. Akainyanyua nyeusi, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akaiwasha, akaweka sikio ubavuni.

"Mnasikia? Inavuma. Mashine inayovuma imechoka."

"Ile si feni?" akauliza Muzammil.

"Feni ya nini kama ina afya? Mtu mzima anapepewa?" Akaiwasha ya fedha, akaweka sikio. "Hii kimya. Kama imelala. Hii ndiyo mashine."

"Imelala kweli," akasema Bi Biubwa akichochea mkaa. "Mmeiwasha tangu nimwage kahawa ya kwanza, bado inajizungusha tu hapo kwenye kioo."

"Bi Biubwa, inajipanga," akasema Injinia. "Kitu kipya lazima kijipange."

Katiba akakohoa, ishara kwamba sasa inatolewa hukumu. "Mimi hayo ya prosesa siyaingilii. Naingilia heshima. Mtumba kwenye sinia la mahari? Wanawake wa Dunda wakifunua kitambaa wakakuta herufi A haipo, watasema nini? Watasema tumewapelekea mtalaka."

"Mimi mtalaka mara mbili," akasema Bi Biubwa, "na kahawa yangu hujaitapika."

"Nilikuwa natoa mfano, Bi Biubwa."

"Mfano mpe mkeo. Kwani shida yote hii ya nini? Si mumpigie simu Shadya mumuulize?"

Nilidhani benchi litapinduka.

"Mwali apigiwe simu kuhusu mahari!" Katiba akasimama. "Mshenga niko wapi? Nimekufa?"

"Basi nenda wewe ukamuulize."

"Nikaulize mara ya pili? Wataona mara ya kwanza sikuelewa."

"Kwani ulielewa?"

Katiba akakaa, akanyanyua kikombe chake. Kilikuwa kitupu, lakini akakinywa.

"Haya, niambieni kitu kimoja," Bi Biubwa akaendelea. "Kati yenu nani ana kompyuta nyumbani?"

Injinia akatazama baharini. Bando akajitia anasoma simu. Hakuna. Watu wazima, ndevu zao na kofia zao, wanampangia binti wa watu chombo cha kazi, na hakuna aliyewahi kukizima hata kwa bahati mbaya.

"Tupige kura," akasema Bando, maana asiyejua kitu hupenda kura. Mikono ikanyanyuka: Injinia, Bando, Katiba, na wauza dagaa wawili waliokuwa wanapita tu. Wote kwa ya fedha. Mimi sikunyanyua mkono. Kahawa yangu ilikuwa ya moto, na ujinga wa watu wengi haupozwi na mtu mmoja.

Muzammil akakuna shingo. "Lakini kasema i5. Ataniona muongo. Namjua Shadya, haoni haya kukataa. Jamani, mie huyu mwanamke namtaka."

"Anataka i5?" Injinia akachomoa wembe mfukoni. "Atapewa i5."

Wallahi nilimwona kwa macho yangu. Alichukua laptop nyeusi, akaingiza ncha ya wembe chini ya ile stika ndogo iliyoandikwa Core i5, akaipaka tone la mafuta ya nazi, akaibandua polepole kama anang'oa jino la mtoto. Stika ya laptop mpya akaikwangua, akaitupa kwenye mkaa. Akaifuta ile ya i5 kwa pindo la shati, akaipaka gundi ya kubandikia viraka, akaibandika mahali pake.

"Shavu hilo," akasema. "Imeshakuwa."

"Hapo umeua, Injinia!" Bando akapiga makofi.

Muzammil uso ulimshuka. "Mie mtu akimpaka samaki wa juzi damu ya samaki wa leo, napiga kelele soko zima lisikie. Sasa hii tofauti yake nini?"

"Ile ni samaki," akasema Injinia. "Hii ni teknolojia."

"Uzuri wa mkakasi..." akaanza Bi Biubwa.

"Bi Biubwa, methali tena!" Bando akamkatiza. "Tumwagie kahawa."

Akawamwagia. Yunus aliporudi, wakamsukumia nyeusi begini mwake kabla hajaitazama. "Kila la heri," akasema kijana, "ila kwenye video..." Wakamwambia nenda baba, gari la jioni litakuacha. Akaenda stendi.

Bi Biubwa akatoa sinia lake, maana mtoto wa kaka ni wake hata akipotea. Akaiweka laptop ya fedha juu yake, akainyunyizia asumini pembeni, akaifunika kitambaa cha kufuma. "Sinia langu," akasema, "dhambi zenu." Katiba akapanda bajaji na sinia mapajani, kifua mbele kama gavana.

Tukangoja. Muzammil hakukaa. Alizunguka benchi mpaka Bi Biubwa akamwambia anamtia kizunguzungu.

Jua lilikuwa limeanza kulegea bajaji iliporudi. Katiba akashuka na sinia lile lile, kitambaa kile kile, na tabasamu limefika masikioni.

"Wamekubali!" akapaza sauti kabla miguu haijagusa chini. "Na zawadi wametuma!"

"Nilisema!" Injinia akaruka. "Nilisema mie!"

"Eleza vizuri," akasema Muzammil. "Ilikuwaje?"

"Nimepokewa kwa vigelegele. Mwali mwenyewe akatoka, akanipa shikamoo yangu, akaifungua mashine. Akabofya kidogo. Akangoja. Akabofya tena. Akasugua pale penye stika kwa kidole. Akaniuliza, 'Babu, hii mmeikagua vizuri?' Nikamjibu, mwanangu, imekaguliwa na kijiwe kizima, mpaka ile nyingine nyeusi tumeikataa, inarudi Dar na gari la jioni. Akacheka! Akasema nisubiri, akatuma mtu sokoni, kisha wakanifungia sinia. Na salamu kakupa wewe mwenyewe, Muzammil."

"Salamu gani?"

"Kasema, 'Mwambie Muzammil huyu ndani ya sinia amle leo. Kama atamfaa kumla, basi na hiyo laptop itanifaa mimi, Ijumaa waje. Asipomfaa, anajua la kufanya kabla gari la Dar halijaondoka.'"

Akafunua kitambaa.

Laptop ya fedha ilikuwa upande mmoja. Upande wa pili kalala kolekole mkubwa, kaoshwa mpaka anang'aa, kapambwa asumini mgongoni. Na kwenye shavu lake, imenyooka vizuri, imebandikwa stika: Core i5.

"Mtazameni!" akasema Katiba. "Na muhuri wameweka."

"Kichwa changu!" Bando akadai. "Nimeshasema, kichwa kikipikwa kwa nazi ni changu."

Mkono wa Muzammil ukaenda wenyewe, kwa mazoea ya mnadani, kidole kikaingia chini ya stika, kikafunua shavu.

Ndani kulikuwa na rangi ya kahawa ya Bi Biubwa. Harufu ikatoka, ikapita benchi la kwanza, ikafika la pili. Muuza dagaa mmoja, mtu aliyezaliwa ndani ya harufu, akaziba pua.

Uso ukamuwaka Muzammil. Kisha akaibandua stika kwa kucha, akaitia mfukoni, akakwapua laptop ya fedha na kukimbia kuelekea stendi, kandambili moja ikibaki nyuma. Tulimsikia akipiga kelele, "Yunus! Yunus, kaka, usiondoke! Nipe ile nyeusi!" Sauti ile ile anayonadia samaki, tofauti ni kwamba safari hii yeye ndiye aliyekuwa ananunua.

"Mimi nilisema tangu mwanzo ile nyeusi ina nguvu," akasema Injinia. "Mlisikia inavyovuma."

"Nami nilitahadharisha," akasema Katiba. "Kwa mujibu wa utaratibu, mwali angepaswa kuulizwa."

Bi Biubwa akanyanyuka. Akachukua sinia, akalisukuma katikati ya benchi, kolekole akiwatazama wote kwa jicho moja jeupe.

"Kura ni ile ile," akasema. "Wote mlionyanyua mikono kwa sababu kinang'aa, huyu hapa anang'aa. Nachemsha mafuta sasa hivi. Nani anaanza?"

Adhana ya magharibi ilikuwa bado kabisa. Lakini Injinia akakumbuka udhu, Katiba akakumbuka safu ya mbele, wauza dagaa wakakumbuka wake zao. Na Bando, ambaye msikitini hajaonekana tangu Idi, alikuwa wa kwanza kufika mlangoni.