Mguu Wenu Unaringa

Ndugu Mkuu wa Kituo cha Miguu na Mikono ya Bandia,

Pokea heshima zangu, na uwafikishie sehemu yao wafanyakazi wako, hata yule binti fundi aliyeniponza. Mimi ni fundi saa, mteja wako wa mguu wa kushoto, chini ya goti. Nakuandikia kwa adabu, lakini yamenifika shingoni. Naomba muuchukue mguu huu mpya, mnirudishie ule wa zamani uliokuwa ukilia kama mlango mbovu.

Chanzo ni siku ya vipimo. Binti alinibandika vigololi vinavyong'aa kiunoni, magotini na miguuni, akasema, "Baba, tembea kama kawaida yako. Kamera zitafuata kila kiungo, kompyuta ituonyeshe pa kurekebisha." Sasa ndugu yangu, kamera zimejaa ukuta mzima, nani atatembea kawaida? Nilitoa kifua, nikaingiza tumbo, nikatembea kama bwana harusi. Kompyuta ikaniamini. Mkakaza hapa, mkalegeza pale, mpaka mguu ukaukubali mwendo ule. Tangu hapo haujui mwingine.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilikwenda kumzika jirani yangu, fundi viatu, mtu niliyempenda sana. Macho yalilia kwa dhati, mguu ukaringa. Mjane alinitazama, akamwuliza dada yake mimi nimefurahia nini.

2. Zamani mke wangu alinisikia tangu kona ya mtaa. Sasa naingia kimya, nawakuta yeye na wifi yake wakinijadili. Nimesikia maoni yao kuhusu kukoroma kwangu, mapishi yangu na ukoo wetu mzima, ilhali huyo wifi ni dada yangu wa tumbo moja.

3. Visingizio vimeniishia. Ndoo za maji, mtungi wa gesi, kabati la mama mkwe, vyote nabeba mimi. Mama mkwe anasema mtu anayetembea vile hana linalomuuma.

4. Sokoni nimechaguliwa mwenyekiti. Sikugombea. Nilikuwa napita kwenda chooni, mkutano ukauona mwendo, mikono ikanyooshwa.

Naumia kweli. Mtu hupenda kujulikana alivyo, na mimi ni mtu wa kawaida tu.

Kama kuuchukua ni tabu, basi nipigeni picha upya nikiwa nimechoka, nimefiwa, na nimetoka kugombana na mke wangu, ili mguu uijue dunia. Hilo likishindikana, wabandikeni vigololi watu wote wa mtaa wetu, muwafundishe kuringa, nisionekane peke yangu. Ukumbi wa soko upo. Mwenyekiti hatakataa.

Nisalimie kila mtu hapo, pamoja na mlinzi wa geti aliyenipigia saluti nilipotoka, nadhani kwa makosa.

Ni mimi, mwenye kuringa bila kupenda,
Fundi saa wa chini ya ngazi za soko

N.B. Jana jioni, kabla sijaituma barua hii, nilitoka na mke wangu, matembezi tu, hatukuwa na safari. Kwenye mwinuko wa shule alinishika mkono, akihema, akasema, "Punguza mwendo, mume wangu, nisubiri." Tangu nikatwe mguu, maneno hayo yalikuwa yangu. Tafadhali msimtume mtu kuja kuuchukua. Akija, nitakimbia.